Kichupa cha chanjo kikifunguliwa, saa sita zinaanza kuhesabiwa

Mwezi wa Mei 2017, timu ya chanjo ilifanya kazi kwa siku nne katika kijiji cha Nachodokopele, Kapoeta Mashariki, eneo la Sudan Kusini linalopakana na Turkana. Takriban watu 300 walichanjwa dhidi ya surua. Watoto 15, wote wa chini ya miaka mitano, walifariki. Wengine 32 walipata homa, kutapika na kuharisha, lakini wakapona.

Uchunguzi ulionyesha kuwa chanjo ilichafuliwa na walioitumia. Bomba moja la sindano lilitumika kuchanganyia chanjo kwa siku zote nne, na chanjo iliwekwa nje ya baridi muda huo wote. Timu yenyewe haikuwa imepewa mafunzo.

Uchafu unaingiaje?

Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga mkavu. Mhudumu huuchanganya na maji maalum yanayoletwa pamoja nayo. Baada ya hapo, kichupa kimoja cha dozi kumi huweza kuhudumia watoto kumi. Chanjo hii haina dawa ya kuzuia vijidudu kukua. Bakteria wakiingia kupitia bomba chafu, huongezeka, hasa kwenye joto, na baadhi hutoa sumu. Kwa macho, kichupa kinaweza kuonekana safi kabisa.

Kwa sababu hiyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza kichupa kilichochanganywa kiwekwe kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na kilichobaki kitupwe baada ya saa sita au kliniki inapofungwa, lolote litakalotangulia. Kukirudisha kwenye friji hadi kesho hakusaidii, kwani baridi hupunguza kasi ya bakteria bila kuwaua.

Si vichupa vyote vyenye sheria hii. Baadhi ya chanjo za maji zina dawa ya kuzuia vijidudu, na huruhusiwa kutumika hadi siku 28 zikihifadhiwa ipasavyo.

Dawa nyingine za sindano pia

Hatari hii haiko kwenye chanjo pekee. Mwaka 2008, kliniki moja mjini Las Vegas, Marekani, iligunduliwa kueneza homa ya ini aina ya C. Mgonjwa alipohitaji dawa zaidi ya usingizi, wahudumu walibadilisha ncha ya sindano lakini wakarudisha bomba lile lile kwenye kichupa. Kichupa hicho, kilichokusudiwa mgonjwa mmoja, kikatumika kwa wengine. Zaidi ya watu 40,000 waliombwa wakapimwe. Funzo lake ni kwamba kubadilisha ncha hakutoshi. Bomba lililogusa mgonjwa halirudi kwenye kichupa cha pamoja.

Mzazi aangalie nini?

• Bomba na sindano vitolewe kwenye pakiti mpya mbele yake, na vitupwe kwenye sanduku la usalama mara tu baada ya matumizi.

• Kichupa kilichochanganywa kiandikwe saa kilipofunguliwa. Mzazi ana haki ya kuuliza, "Daktari, hii imefunguliwa saa ngapi?" Swali hilo si utovu wa adabu.

• Asiruhusu mtoto kudungwa na mtu asiyejulikana na kituo cha afya.

• Mtoto akipata homa kali, kutapika, kuharisha au kulegea baada ya chanjo, arudishwe kituoni mara moja pamoja na kijitabu chake cha kliniki. Homa ndogo ya siku moja au mbili ni kawaida.

Kituo nacho kinatakiwa kuripoti madhara hayo ili kichupa na shehena yake vichunguzwe.

Kwa wahudumu, kumwaga dozi tisa baada ya kumchanja mtoto mmoja huuma, hasa pale chanjo inapopatikana kwa shida. Hata hivyo, dozi zilizomwagwa huagizwa nyingine.

Surua bado inaua watoto ambao hawajachanjwa, na chanjo iliyotunzwa vyema ndiyo kinga yao. Nchini Kenya hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Mzazi ampeleke mtoto kwa wakati, na awe huru kuuliza.