SOMO LA AFYA: MAFUTA KATIKA DAMU



Wengi hudhani kolesteroli ni ugonjwa wa matajiri wa Bujumbura, watu wenye gari na tumbo kubwa. Si hivyo. Mtu mwembamba anayeishi kwa mgao wa chakula anaweza kuwa nayo nyingi, tena asijue, kwa sababu haiumi. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kiharusi au mshtuko wa moyo.

Hata njaa ya zamani haimkingi mtu. Huko Uholanzi, katika njaa ya vita ya 1944-1945, watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao walichunguzwa walipokuwa watu wazima. Ilionekana kwamba njaa ile iliwaongezea hatari ya kupata kisukari na mafuta mabaya katika damu. Sisi tuliozaliwa nyakati za vita tuna sababu ya kusikiliza.

Kolesteroli ni nini? Ni aina ya mafuta yanayofanana na nta. Mwili unaihitaji, na ini hutengeneza sehemu kubwa. Nyingine hutoka katika nyama, mayai na maziwa. Ile mbaya, iitwayo LDL, ikizidi huganda ndani ya mishipa ya damu na kuiziba polepole.

Utauliza: mawese yanatoka kwenye mti, yana kosa gani? Kweli, hayana kolesteroli hata tone. Lakini karibu nusu yake ni mafuta mazito, yale yanayoganda asubuhi ya baridi, na hayo hulizuia ini kuondoa LDL katika damu. Hatusemi uyaache. Mawese ya Rumonge ni chakula chetu kama yalivyokuwa ya Fizi na Uvira, na wekundu wake huupa mwili vitamini A inayolinda macho ya watoto. Ubaya ni kuyachoma mpaka yawe meupe: vitamini inaungua, mafuta mazito yanabaki. Mimina kwa kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Lakini mtoto mdogo, mama mjamzito au anayenyonyesha, na mtu aliyekonda kwa ugonjwa wasipunguziwe mafuta. Somo hili si lao.

Maharage tunayoyalalamikia kila siku ni dawa. Nyuzinyuzi zake hunasa nyongo tumboni na kutoka nayo, ndipo ini hulazimika kuchukua kolesteroli ya damu ili litengeneze nyongo nyingine. Lengalenga na matembele pia yana nyuzinyuzi. Ndagala ni bora kuliko mishikaki ya mafuta. Zikiwa za chumvi, ziloweke kwanza.

Sukari nayo? Ndiyo. Chai ya vijiko vinne, soda na bia zikizidi mahitaji ya mwili, ini huzigeuza kuwa mafuta. Nyumbani tulikuwa tukipanda milima kwenda shambani, na misuli iliyatumia. Hapa tunakaa tukingoja. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Akina mama wanaobeba maji na kuni wamekwisha kufanya sehemu yao. Maneno haya yanawahusu zaidi akina baba wa karata.

Kama una shinikizo la damu au kisukari, umepita miaka 40, au ndugu yako alikufa ghafla akiwa bado kijana, mwulize muuguzi kuhusu kipimo cha damu. Kolesteroli yote kwa jumla inatakiwa iwe chini ya gramu 2 katika lita, yaani miligramu 200 katika desilita. Ukipewa karatasi ya kwenda hospitali Bujumbura, chukua na majibu yako ya zamani. Usinunue sokoni chupa za "kusafisha damu". Mishipa haioshwi kama sufuria. Vidonge vya daktari humezwa kila siku hata ukijisikia mzima, na usimgawie jirani. Mama akishika mimba, amwone daktari mara moja, kwa maana vingi vya vidonge hivyo havifai wakati wa ujauzito.