Mtoto Anapotumwa Kuishi na Babu Mkali



Mwezi huu ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi hulipanga jioni moja baada ya chakula, kisha mtoto akaliishi miaka mitatu. Ni kumpeleka kijana shambani akakae na babu yake.

Sababu huwa nzuri. Nyanya amefariki na mzee amebaki peke yake na ng'ombe wawili, wala hataki kusikia habari ya kuhamia mjini. Kodi ya nyumba Nairobi imepanda, na kazi ya baba ni ya leo ipo kesho haipo. Basi mume na mke wanakubaliana: "Aende kwa guka. Atamsaidia, na shule iko karibu." Katika mpango huo kila mtu anaonekana kupata. Lakini mzee ni mkali. Ninyi wawili mnalijua hilo, na mtoto hamkumwambia neno.

Familia nitakayoieleza ni ya huku Kinangop. Nimebadilisha mambo kadhaa ili isitambuliwe.

Kijana alikuwa na miaka 13, anaingia Gredi ya 7. Alikuwa kifungua mimba, na kwa desturi yetu sisi Wakikuyu alipewa jina la babu mzaa baba. Kila mtu alidhani mzee atafurahi kumpokea wajina wake. Jioni ya kwanza kijana alimenya viazi vya chakula, akatoa maganda manene kama watoto wa mjini wafanyavyo. Mzee aliyaokota yale maganda, akayaweka kwenye sahani ya kijana, akasema, "Hayo nayo ni chakula." Hakuongeza neno. Siku nyingine, alfajiri, ng'ombe alipiga teke kopo na maziwa yakamwagika. Mzee hakumsemesha kwa siku tatu.

Kijana alienda dukani, akaomba simu, akampigia mama yake. Mama akamjibu, "Vumilia tu. Huyo mzee hata mimi hakunitaka." Jioni baba naye akasema, "Mimi nililelewa hivyo hivyo. Utakuwa mwanamume."

Wapendwa, yaangalieni vizuri majibu hayo mawili, kwa sababu wengi wetu tumewahi kuyatoa. Mama alimpa mtoto chuki yake ya zamani aibebe. Baba alimpa kidonda chake kana kwamba ni dawa. Hakuna aliyemwambia afanye nini kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, akiwa amesimama zizini na mtu asiyemsemesha.

Na kulikuwa na mengi ya kumwambia. Mzee yule ana karibu miaka 80. Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari mwezi Oktoba 1952, na kuanzia 1954 Wakikuyu wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakaingizwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge. Yeye alikuwa mtoto mdogo humo. Alijua njaa. Baadaye, mashamba ya walowezi yalipogawiwa karibu na Uhuru wa 1963, baba yake alipata kipande kwa mkopo, na mkopo ule ulilipwa kwa viazi na maziwa, mwaka baada ya mwaka. Mtu aliyekulia humo hatazami ganda la kiazi kama mimi na wewe tulitazamavyo.

Baba wa kijana aliyajua haya nusu nusu. Hakuwahi kumsimulia mwanawe hata siku moja. Historia kama hiyo haimpi mzee ruhusa ya kumtesa mtu, lakini humwondolea mtoto mzigo mmoja mkubwa: haachwi kudhani kwamba yeye ndiye sababu ya hasira ile. Hiyo ni kazi ya wazazi, na ifanywe kabla ya begi kufungwa.

Kuna mambo mengine ambayo kijana aliyagundua mwenyewe, nami nampa heshima kwa hilo. Aligundua kwamba mzee hasikii kwa sikio la kushoto. Nusu ya makelele yale ilikuwa ya mtu asiyesikia vizuri, ambaye hataki ijulikane. Akaanza kukaa upande wa kulia. (Hapa niseme jambo kwa wenye wazee nyumbani. Ukali unaozidi ghafla, au usahaulifu unaokuja na hasira, huenda ni ugonjwa. Mpelekeni hospitali kabla ya kumpa jina baya.) Akagundua pia kwamba babu yake, asiyeweza mazungumzo ya kawaida, anaweza kufundisha. Alipomwuliza, "Guka, mbegu nzuri inachaguliwaje?" mzee alimpeleka ghalani na kumwonyesha: kiazi cha ukubwa wa yai la kuku, kilichochipua machipukizi mafupi yenye nguvu, kisicho na doa. Msimu wa mvua za masika walipanda pamoja, mzee akipima nafasi kwa unyayo wake. Walipofika wakati wa kuinulia mimea udongo, kijana alikuwa akifanya kazi bila kuambiwa mara mbili, na mzee alikuwa ameacha kukagua maganda.

Lakini tusichanganye mambo. Kuna mzee mgumu, na kuna mzee anayeumiza. Mtoto anayepigwa, anayenyimwa chakula au kuzuiwa shule ili achunge ng'ombe, hafunzwi maisha. Huyo asiambiwe avumilie. Nendeni mkamchukue siku hiyo hiyo, hata kama ukoo utanuna. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda, afisa wa watoto yupo, na simu ya 116 hupigwa bila malipo. Heshima kwa mzee haijawahi kudai mtoto aumie.

Sasa nafika penye kiini. Mwanzoni kijana aliniambia jambo lililonifanya ninyamaze. Alisema kwamba babu yake akikasirika sana, humwita kwa jina la baba yake.

Mnaelewa? Mzee hakuwa akigombana na mtoto wa Gredi ya 7. Alikuwa akigombana na mwanawe, ambaye tangu yalipotokea maneno juu ya kuuza sehemu ya shamba hakuwa amelala nyumbani kwa miaka sita. Mwana alikuwa akituma pesa. Safari hii alituma kijana.

Amri ya nne tumeifundisha watoto wadogo mpaka tukasahau kwamba inatuhusu sisi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2218, inaikumbusha kwa watoto waliokwisha kuwa watu wazima: ndio wanaopaswa kuwasaidia wazazi, kwa mali na kwa moyo, katika uzee, ugonjwa na upweke. Someni pia Yoshua bin Sira, sura ya 3. Mwana anaagizwa amtunze baba yake mzee na kumvumilia hata akili inapopungua. Anayeagizwa ni mwana. Mjukuu anaweza kuteka maji, kukama, kumsomea mzee masomo ya Jumapili. Hawezi kukaa mahali pa baba yake katika ugomvi usiokuwa wake. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo sisi wazazi tunavyouona mzigo tuliomtwika mtoto.

Kwa hiyo, kabla ya kumtuma kijana, zungumzeni ninyi wawili, mlango umefungwa. Mke, una haki ya kusema baba mkwe alikuumizaje. Mwambie mumeo, usimwambie mtoto. Na wewe mume, usimjibu kwamba wazee ndivyo walivyo. Msikilize mpaka amalize. Nimeona ndoa zikichoka kwa sababu ya jibu hilo moja. Kisha mwambieni kijana kwa pamoja anaenda kwa muda gani, mtakuja lini, na akishindwa afanye nini. Siku mliyomwahidi ikifika, nendeni. Pesa kwa simu haitoshi.

Yule mume alichukua muda. Mkewe ndiye aliyemwambia, baada ya kumsikia kijana kwenye simu, "Nenda wewe. Huko si kwa mtoto, ni kwako." Alichagua Jumapili ya nne ya Julai, ile ambayo Papa Fransisko aliiweka mwaka 2021 kuwa Siku ya Mababu na Wazee. Alifika tangu Jumamosi, wakati wa kuvuna, akakuta kijana akichimba viazi. Akavua koti, akashika jembe, akaingia mstari wa pili. Mzee alisimama mlangoni akitazama. Giza lilipoingia alimwuliza jambo moja tu: "Utalala?"

Akalala. Habari ya shamba haikutajwa usiku ule, na najua bado haijaisha. Alfajiri mzee alitoka na kopo, akaita jina la mwanawe aje ashike ng'ombe, na watu wawili wakaitika.