Mchina ananiomba leseni yangu alete sola Kariakoo: nikubali?

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43. Nina fremu Mtaa wa Narung'ombe, nauza vifaa vya umeme: nyaya, swichi, soketi, balbu. Nilianzia chini, meza barazani kwa watu, na fremu hii nililipia kilemba mwenyewe miaka 11 iliyopita.

Tangu mwaka jana kuna Mchina ananiletea mzigo. Ni mtu mpole, hata msiba wa baba alikuja na rambirambi yake. Sasa, kupitia mkalimani, amenipa wazo. Anataka kuleta makontena ya paneli, inveta na betri za sola. Leseni, TIN na mashine ya EFD viwe vyangu, fremu yangu. Mtaji na mzigo wake. Mimi nitapata milioni moja na nusu kila mwezi, niuze nisiuze. Anasema kwao viwanda vimejaa sola hadi hawajui waipeleke wapi.

Mume wangu anasema nikizubaa atamfuata jirani. Mdogo wangu anasema kama biashara ni nzuri hivyo, tuweke benki hati ya nyumba ya marehemu baba, Temeke, tuagize kontena letu wenyewe. Mwanangu anasomea umeme VETA, yeye anasema betri nyingi za mtaani ni uongo mtupu. Wiki mbili sijalala vizuri. Nishauri.

Mama wa Narung'ombe

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, maana umefunga maswali mawili kwenye pindo moja la kanga. Moja ni la jina lako, jingine ni la sola yenyewe. La jina nalijibu kwanza kwa kuwa halina mjadala: leseni yako usimpe.

Tarehe 28 Julai 2025 Serikali ilitangaza amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, ikataja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya nchini. Biashara ya jumla na rejareja imo, ukiondoa supamaketi na maduka machache maalumu. Mgeni akipatikana na hatia, faini yake haipungui milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, na viza na kibali chake cha ukaazi vinafutwa. Wengi husoma hadi hapo wakafunga karatasi. Endelea mstari unaofuata: raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo, faini milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Raia huyo ni wewe. Kilio cha wafanyabiashara wa Kariakoo kabla ya amri ile kilikuwa hichohicho, kwamba jina ukutani ni la Mtanzania na pesa kwenye droo ni za mwingine.

Na hata amri isingekuwepo, ningekukataza kwa sababu ya TRA. Kila risiti itakayotoka kwenye EFD yako itasomeka kwa TIN yako. Kontena likitangazwa forodhani kwa thamani ya uongo, anayeitwa kujieleza ni mwenye jina kwenye nyaraka. Mteja wa Sumbawanga akirudi na inveta 20 zilizoungua, atakuja Narung'ombe, hataenda uwanja wa ndege kumtafuta aliyekwisha kuondoka. Milioni moja na nusu kwa mwezi ni milioni 18 kwa mwaka. Makadirio mabaya ya kodi ya kontena moja yanaweza kuzimeza zote, na bado ukadaiwa.

Najua utasema: Shangazi, huyu alikuja msibani. Hilo silidharau hata kidogo. Mtu anaweza kuwa muungwana na alichokuomba kikawa kibaya kwako. Kataa ombi, ubaki na mtu.

Tuje kwenye sola. Hapa huyo Mchina amekwambia kweli, na nataka uielewe vizuri, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo nguvu yako.

China imejenga viwanda vya sola kupita mahitaji ya dunia nzima. Katika kila hatua ya kutengeneza paneli, zaidi ya asilimia 80 ya viwanda vya dunia viko kwao. Mwaka 2020 Rais Xi Jinping aliahidi kwamba hewa chafu yao itafika kileleni kabla ya 2030 na kufidiwa yote kabla ya 2060, na tangu hapo majimbo, benki na makampuni yamekimbilia huko kwa pamoja. Mwaka 2024 peke yake walifunga sola ya takribani megawati 277,000 nchini mwao. Linganisha na letu: Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, fahari yetu, lina megawati 2,115. Sisemi kwamba wameacha makaa ya mawe, la hasha. Mwaka huohuo wa 2024 walianza kujenga mitambo mingi mipya ya makaa kuliko mwaka wowote tangu 2015. Uchumi ule unakua kwa kula kila aina ya umeme. Lakini hata wao hawawezi kuzimaliza paneli zote wanazotengeneza.

Viwanda vikagombania wateja kwa kushusha bei. Mwaka 2023 bei ya paneli ilishuka karibu nusu, na kufikia mwisho wa 2024 wati moja ilikuwa inauzwa kiwandani kwa senti kama kumi za dola. Paneli ya wati 550, ile kubwa inayobebwa na watu wawili, ilikuwa kama dola 55 pale mlangoni pa kiwanda. Marekani nayo ikapandisha ushuru wa seli za sola za China hadi asilimia 50. Mzigo ukatafuta njia nyingine. Pakistan mwaka 2024 iliingiza sola ya megawati 17,000 hivi kutoka China. Afrika, katika miezi 12 iliyoishia Juni 2025, iliingiza megawati zaidi ya 15,000, ongezeko la asilimia 60.

Kwa sisi tuliozoea kuwaona Wachina kwenye miradi ya Serikali, jambo hili ni geni kidogo. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa mkopo wao. Bomba la gesi la Mtwara hadi Dar, zaidi ya kilomita 500, lililokamilika 2015 na kulisha mitambo ya Kinyerezi, lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Kule Lamu, Kenya, walikuwa wagharimie mtambo wa makaa wa megawati 1,050. Wananchi wakaenda kwenye baraza la rufaa za mazingira, kibali kikafutwa Juni 2019, na mwaka uliofuata benki yao kubwa ikajitoa. Septemba 2021 Xi akauambia Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake. Yale yalikuwa mambo ya mawaziri na mabalozi. Hili la sasa limekuja na mkalimani hadi kwenye kaunta yako.

Sasa fikiri kama mfanyabiashara, maana ndivyo ulivyo. Mwenye mzigo uliofurika kwao na mwenye fremu Narung'ombe yenye wateja wa miaka 11, nani anamhitaji mwenzake zaidi? Yeye ana bidhaa ambayo kila siku anaiona ikishuka bei. Wewe una wateja wa jumla kutoka mikoani, na wale wa Lubumbashi na Comoro wanaokuja na orodha zao mkononi. Basi kaa upande wako wa kaunta. Mwambie: leseni hapana, mzigo nitanunua. Uza kwangu kama unavyomuuzia yeyote, nipe bei ya jumla, nipe siku 30 za kulipa, na kila kilichoharibika ndani ya mwaka unanibadilishia. Mfanye aandike, kwa Kiswahili na kwa Kichina, msaini wote wawili. Muuzaji aliyeelemewa na mzigo husikiliza masharti ambayo miaka mitano nyuma angeyacheka.

Kwa mdogo wako nina neno zito kidogo. Hati ya nyumba ya marehemu ibaki ilipo. Bidhaa inayoshuka bei nusu ndani ya mwaka ni neema kwa anayenunua ili atumie, na ni hatari kwa anayenunua kwa mkopo. Kontena linakaa baharini wiki kadhaa, linasubiri bandarini, linasubiri ukaguzi. Likifika Kariakoo jirani ameshapata la bei ya chini zaidi, na benki haitakupunguzia riba kwa ajili hiyo. Na kinyume chake kinaweza kutokea pia: Desemba 2024 China ilipunguza marejesho ya kodi kwa wanaouza sola nje, kutoka asilimia 13 hadi 9. Bei inapandishwa na kushushwa Beijing, na nyumba iko Temeke, ina mama yenu ndani pengine. Halafu ni mali ya mirathi, ina ndugu wengine.

Ukitaka kuagiza siku za mbele, anza kwa kuchangia kontena na wenzako, kwa faida ya duka na si kwa rehani. Kabla ya kulipa hata senti, kaa na wakala wa forodha aliyesajiliwa, akusomee orodha. Sheria ya VAT ya 2014 ilizisamehe paneli, inveta na betri za sola, lakini kila Juni bajeti inaweza kugusa orodha ile, na ukichanganya humo feni na nyaya za kawaida, hizo hazibebwi na msamaha wa sola. Cheti cha ubora cha TBS kitafutwe mzigo ukiwa bado China. Ukifika bila cheti, gharama na usumbufu ni vyako.

Je, wateja wapo? Wapo, ila uwajue. Watu watakwambia Bwawa la Nyerere limekamilika, mitambo yote tisa, sola ya nini tena. Umeme wa kuzalisha kweli sasa tunao, mitambo ya nchi imepita megawati 4,000. Tatizo liko njiani, kwenye nyaya na transfoma, na wewe unayeuza balbu unajua umeme unakatika mara ngapi hapo mtaani. Fundi cherehani wa Mchikichini akikatikiwa umeme kwa saa tatu, siku yake imekwisha. Mtu wa mjini hatafunga sola aachane na LUKU, wakati elfu kumi inampa uniti 28. Anataka betri na inveta za kumvusha saa hizo tatu. Mteja wa paneli hasa ni yule wa kitongojini ambako nguzo haijafika, na vitongoji vya namna hiyo bado ni vingi.

Na hapo namleta mwanao, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye akili kuliko wote kwenye barua yako.

Desemba 2023, mgawo ulipokuwa mkali, nilinunua betri mjini, duka silitaji. Juu imeandikwa Ah 200. Ikawasha taa mbili na feni, haikufika saa nne usiku. Fundi alipokuja hakushika hata bisibisi. Aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaniuliza, "Mama, hii ulipimiwa kwenye mizani?" Tukaipeleka kwa muuza viazi. Kilo 27. Betri ya risasi ya volti 12 yenye Ah 200 kweli hukaribia kilo 60. Ya Ah 100 ndiyo huwa kati ya 25 na 30. Nilikuwa nimelipia betri mbili nikapewa moja.

Hilo, mwanangu, ndilo duka lako. Weka mizani kwenye kaunta, mteja aone. Weka futi ya fundi cherehani upimie paneli: mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa kama wati 200 hivi jua likiwa kali, sasa paneli ya mita moja kwa sentimita 70 iliyoandikwa wati 300 inadanganya, haihitaji shahada. Mwanao awe na multimita, apime mbele ya mwenye pesa. Amweleze mteja kwa hesabu: betri ya risasi ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu utumie nusu, cherehani, taa mbili na feni, jumla wati 170, zitakwenda saa tatu na nusu. Ya lithiamu yenye kipimo hichohicho itakaribia saa sita, ndiyo maana bei yake iko juu. Mteja wa Tunduru aliyeelezwa hivyo harudi kwako na ugomvi, anarudi na orodha ya kijiji kizima.

Anza na paneli 20, betri kumi, inveta tano. Uza, pima, andika kila iliyorudi na kwa nini. Miezi sita baadaye utajua ni mzigo upi wa huyo Mchina wa kuuamini, na utakuwa na hoja ya kuzungumza naye bei.

Mumeo mpe gazeti hili asome mwenyewe, asisikie kwako tu. Jirani akichukua dili hilo, mwonye, maana adhabu haitachagua. Na jibu lako kwa Mchina lisipite Ijumaa hii. Mkalimani awepo na mwanao awepo, kwa sababu kadiri unavyonyamaza ndivyo anavyohesabu kwamba umekubali.