Anunuaye Kura Hununua Nini?

Ndugu zetu, fahamuni kwanza maana ya rushwa. Ni mali apewayo mtu ili aiache haki au aisaidie batili. Mtume, rehema na amani zimshukie, amemlaani mwenye kuitoa na mwenye kuipokea. Na sheria ya nchi ya 2016 juu ya makosa ya uchaguzi nayo yawashika wote wawili.

Jee, leso na mia tano zigawiwazo usiku wa kuamkia kura ni nini? Wengine husema ni sadaka. Lakini sadaka haingojei mwaka wa uchaguzi, wala haimuulizi maskini kama ana kadi ya kura.

Fanyeni hisabu. Shilingi 500 kwa miaka mitano hazifiki senti 28 kwa siku. Kwa bei hiyo mtu ameuza dawa ya hospitali na maji ya mfereji. Kwani aliyeingia Bungeni kwa mali, kwanza hurudisha mali yake.

Sheria ya kuweka mpaka wa fedha za kampeni ilipitishwa 2013. Bunge likaiahirisha isitumike uchaguzi wa 2017. Mwaka 2021 tume ya uchaguzi ikatangaza mipaka, Bunge likaikataa. Na uchaguzi wa 2022 ukapita vivyo hivyo. Nani hujifunga kamba mwenyewe?

Basi tuanze sisi. Atakaye kura yetu aahidi hadharani kuitumia sheria hiyo, nasi tuizuie mikono yetu. Pasipo muuzaji, mnunuzi hana soko.