Kemia ya Nailoni: Namna Mnyororo Unavyofungwa na Unavyoweza Kufunguliwa

Zamani mvuvi wa Ziwa Victoria aliyetumia wavu wa kitani alilazimika kuuanika kila baada ya kuvua, kwa kuwa uzi wa mmea ukikaa na unyevu huoza. Nyavu za nailoni zilipoanza kuenea ziwani humo katika miaka ya 1950, usumbufu huo ulipungua sana. Lakini wavu usiooza una hasara yake pia: ukipotea majini huendelea kunasa samaki wasiomfaa mtu yeyote. Ili kuifahamu faida hiyo na hasara hiyo, yatupasa kujua nailoni ni kitu gani na hutengenezwa vipi.

Nailoni ni jina la jumla la kundi la polima ziitwazo poliamaidi. Polima ni molekuli ndefu sana, iliyoundwa kwa vipande vidogo vilivyoungana kama pete za mnyororo. Katika poliamaidi, vipande hivyo hushikamanishwa na kifungo cha amaidi, ambamo atomu ya kaboni iliyobeba oksijeni imeungana na atomu ya naitrojeni. Kifungo cha namna hiyo hiyo ndicho kinachoshikamanisha protini za hariri, sufu na nywele.

Nailoni ya kwanza ilipatikana tarehe 28 Februari 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Wilmington, Marekani, katika kundi la watafiti lililoongozwa na Wallace Carothers. Huitwa nailoni 66 kwa sababu hutokana na vitu viwili, kila kimoja kikiwa na atomu 6 za kaboni. Cha kwanza ni asidi adipiki, ambayo ncha zake zote mbili ni za asidi. Cha pili ni diamini, ambayo ncha zake zote mbili ni za amini. Ncha ya asidi ikikutana na ncha ya amini hufungana, na molekuli moja ya maji hutoka.

Ugumu wa kazi hii umo katika hesabu. Tuseme vitu hivyo viwili vimewekwa kwa idadi sawa kabisa. Ncha 90 katika kila 100 zikifungana, mnyororo wa wastani huwa na vipande 10 tu, nao haufai kwa uzi. Zikifungana 99 katika 100, mnyororo hufikia vipande 100. Aidha, kitu kimoja kikizidi kingine kwa 5 katika 100, minyororo haiwezi kupita wastani wa vipande 40 hivi, hata ikipikwa kwa muda mrefu, kwa kuwa ncha zote zinazobaki ni za aina moja.

Kwa hiyo vitu hivyo huchanganywa kwanza majini vikafanya chumvi, ambayo ndani yake asidi na diamini zina idadi sawa. Mchanganyiko huo hupashwa moto katika chombo kilichofungwa, chini ya kani kubwa ya mvuke, ili diamini isipotee. Kisha joto hupandishwa hadi digrii 270 au 280 za Sentigredi, na mvuke huachiwa utoke polepole. Kutoka kwa maji ndiko kunakosukuma ncha zilizobaki zifungane. Nailoni iliyoyeyuka hupitishwa katika matundu madogo, na nyuzi zipatikanazo huvutwa hadi urefu wa mara nne au tano. Hapo minyororo hujipanga sambamba na uzi hupata nguvu.

Njia ya pili ilivumbuliwa Ujerumani mwaka 1938 na Paul Schlack. Yeye alitumia kaprolaktamu, molekuli yenye umbo la duara ambayo tayari ina kifungo cha amaidi. Ikipashwa moto hadi digrii 250 hivi pamoja na maji kidogo, duara hufunguka na vipande huungana kuwa nailoni 6. Hapa hakuna haja ya kulinganisha vitu viwili, kwa kuwa kila kipande kina ncha ya asidi na ncha ya amini. Hata hivyo mmenyuko huu haukamiliki: karibu sehemu moja katika kumi hubaki bila kuungana, na lazima ioshwe kwa maji ya moto.

Tabia hiyo ya kutokamilika ina manufaa. Mmenyuko unaoweza kwenda mbele waweza pia kurudishwa nyuma. Nailoni 6 iliyochakaa, ikipitishiwa mvuke wenye joto kali pamoja na asidi ya fosforasi, hurudi kuwa kaprolaktamu, ambayo hukenekwa na kutumika upya. Viwanda kadhaa duniani hufanya hivyo kwa nyavu na mazulia makuukuu. Nailoni 66 nayo huweza kufunguliwa, lakini hutoa vitu viwili vinavyopaswa kutenganishwa, na kazi huwa ngumu zaidi.

Nailoni hizi mbili hutokana hasa na mafuta ya petroli. Iko nyingine, nailoni 11, ambayo hutengenezwa kwa mafuta ya mbarika, mmea unaojiotea kandokando ya vijiji vyetu vingi.

Msomaji aishiye karibu na maji azingatie haya. Wavu uliochakaa usitupwe ziwani wala baharini, na usichomwe moto ovyo, kwani naitrojeni iliyomo huweza kutoa gesi zenye sumu, mojawapo ikiwa sianidi ya haidrojeni. Ukusanywe nchi kavu na utengwe na takataka nyingine. Wavu wa nailoni 6 uliohifadhiwa hivyo waweza kuwa malighafi ya uzi mpya.