Pazia Haliwezi Kazi ya Baraza

Kuanzia Ng'ombeni na Waa hadi Tiwi, ni nadra siku hizi kuona nyumba mpya karibu na bahari isiyo na mlango wa kioo, ule wa kusukuma kando ambao mafundi wa alumini huuita slaidi. Ramani huja nao kutoka Nairobi, mwenye nyumba huupenda kwenye picha, nami huitwa mwishoni kabisa, rangi ikishakauka na pesa zikishakwisha, nije nipime pazia. Nashona mapazia Kombani, na kazi yangu inanipeleka kote huko, mara nyingine hadi Diani na Msambweni. Haya ndiyo niliyojifunza. Wateja wote huanza na rangi. Mimi rangi nimeiweka mbali kidogo.

1. Tazama jua kabla ya kitambaa

Pwani yetu inatazama mashariki. Aliye Tiwi akifungua mlango kuelekea bahari amefungua kuelekea jua linakochomoza, na baharini hakuna mwembe wa kulizuia. Walioko juu, njia ya kupandia Kwale, hupenda kugeuza mlango kuelekea Shimba Hills, nao hupata jua la alasiri, ambalo kwangu ndilo baya zaidi kwa sababu huikuta nyumba imeshashika moto wa mchana kutwa.

Sisi tuko kama digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua halitoki mbali na utosi: kati ya Machi na mwanzo wa Oktoba huinamia kaskazini, miezi iliyobaki huinamia kusini, basi. Ndiyo maana mlango unaotazama kaskazini au kusini ni rahisi kuukinga. Paa likitokeza mita 1 juu ya mlango wa kaskazini, hata mwezi wa Juni saa sita mchana, wakati jua limekwenda mbali kuliko siku zote za mwaka, kivuli hushuka karibu mita 1.9. Mlango wenyewe una mita 2 na ushei, kwa hiyo umeshakingika karibu wote. Paa hilohilo likiwa juu ya mlango wa mashariki, saa mbili asubuhi hukinga kama nusu mita ya juu tu. Jua huingia chini yake na kulala sakafuni hadi chini ya kochi.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja ni: mlango huu unatazama wapi? Akiniambia unatazama bahari, nimeshajua kwamba tutazungumza kwa muda.

2. Joto likishapita kioo limeshaingia nyumbani

Hili ndilo linalonikosesha biashara, na nalisema hata hivyo. Mteja anahisi joto, anasema, "Fundi, nishonee zito zaidi." Nikimshonea zito, chumba kinakuwa na giza, na joto liko palepale. Sababu ni hii: mwanga wa jua hupita kwenye kioo kwa urahisi, hupiga pazia, pazia linapata moto, na ule moto wa pazia hauna njia ya kurudi nje kupitia kioo kama ulivyoingia. Unabaki katikati ya kioo na kitambaa, kisha unapanda na kumwagika juu ya reli kuingia chumbani. Bitana nyeupe upande wa kioo husaidia kiasi kwa kuurudisha mwanga kabla haujageuka joto. Bitana ya rangi nzito haisaidii chochote, ila kuficha.

Kinachosaidia ni kulizuia jua likiwa bado nje. Wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa. Ndiyo kazi ya baraza. Kipande cha makuti kilichoshushwa chini kidogo kuliko kawaida, jamvi la kukunja linaloning'inizwa kwenye nguzo za baraza asubuhi na kupandishwa saa nne, mianzi iliyofumwa, hata wavu wa kivuli wanaotumia wenye vitalu vya miche: vyote hivyo vinashinda pazia langu la bei ghali. Dada mmoja wa Tiwi alikuja na fungu la pesa za mapazia mazito ya milango miwili. Nilimwambia ampe fundi makuti sehemu kubwa ya fungu hilo, na iliyobaki aniletee. Alinitazama kama mtu anayekataa chakula, kisha akafanya hivyo. Nikamshonea vitambaa vyepesi tu, na hadi leo hajaniita kuvibadilisha.

3. Kusi huvikuta vyote na kuvipiga

Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, huwa na adabu kiasi. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, huja kutoka baharini moja kwa moja na kuingia kwenye mlango uliofunguliwa. Hapo ndipo utajua ulichonunua. Blaindi za wima, zile za vipande virefu vinavyogeuzwa kwa mnyororo, ndizo zinazouzwa dukani kwa milango kama hii, na kwa ofisi yenye kiyoyozi Nairobi sina neno nazo. Huku kwetu vipande hupigana usiku kucha, vinatoka kwenye vishikizo vyake, na vile viungo vidogo vya plastiki vya chini hukatika. Nimeona nyumba za wageni ambazo blaindi zake zimebaki na mapengo.

Watu hujenga mlango mpana ili wapate upepo, kisha wananunua kitu ambacho lazima mlango ufungwe ndipo kitulie. Pazia la kitambaa linalovutwa lote pembeni na kufungwa kwa mkanda halina shida hiyo. Mimi hushona uzito ndani ya upindo wa chini, mnyororo mwembamba au hata sarafu za zamani, moja kila pembe na nyingine kwenye mishono. Pazia jepesi lisilo na uzito hupaa hadi mezani na kuangusha glasi.

4. Chumvi hula reli kwanza

Kitambaa kikichakaa unakiona. Reli huliwa kimyakimya. Zile fimbo za pazia zenye rangi ya dhahabu au fedha zinazopendwa sana sokoni ni bati la chuma lililopakwa, na karibu na bahari hutoa madoa ya kutu yanayoshuka kwenye marinda ya juu ya pazia, madoa yasiyotoka kwa sabuni yoyote ninayoijua. Nimezoea kushauri reli ya alumini yenye magurudumu madogo ya nailoni, na ndoana za plastiki. Anayetaka chuma kisichoshika kutu aulize daraja lake: 316 ndiyo inayovumilia chumvi ya bahari kuliko 304 ya kawaida. Fimbo ya mbao ngumu au mwanzi mnene pia ni sawa kabisa, na huvutia zaidi, ingawa pete zake huteleza polepole.

Kuna usumbufu wa usafiri. Reli ndefu haiingii matatu wala haipendwi na watu kwenye feri ya Likoni. Mafundi wengi huikata nusu Mombasa na kuiunga hapa, na kila kiungo ni mahali ambapo gurudumu litakwama. Siku hizi mwenye gari huzunguka na barabara ya Dongo Kundu na kuileta nzima. Afadhali ulipe mafuta.

Na reli ya mlango wenyewe, ile ya chini: mchanga hujaa humo. Usiipake mafuta, maana mafuta hushika mchanga na kuwa msasa. Brashi kavu inatosha. Nalitaja hapa kwa sababu mtu akishindwa kusukuma mlango huvuta kwa nguvu, na cha kwanza anachokamata ni pazia.

5. Mchana wewe unaona, usiku unaonekana

Kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga kinakuficha mchana kwa sababu nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani. Jua likizama na taa ikiwaka, mambo yanageuka: aliye njiani anaona kila kitu, na wewe uliye ndani unaona giza tu na sura yako mwenyewe kwenye kioo. Wengi hulijua hili kwa kuambiwa na jirani.

Kwa nyumba zetu si jambo dogo. Mama anataka kukaa sebuleni kwake bila buibui, na ndiyo haki yake. Katika nyumba za kale za mawe kule Lamu mwanga uliingia kupitia ua wa ndani, ukuta wa njiani ukawa umefungwa, na vyumba virefu vya ndani vikatengwa kwa mapazia badala ya milango. Pazia lilitenga watu wa nyumba moja; macho ya mpita njia yalizuiwa na ukuta. Mlango wa kioo umeondoa ukuta na kulitwisha pazia kazi zote mbili. Kwa hiyo mimi hupendekeza reli mbili: ya mbele ya pazia jepesi, ya nyuma ya pazia zito, hata kama zito hilo litavutwa usiku tu. Wenye nyumba za kupangisha wageni hunibishia kwamba mgeni amekuja kuona bahari. Saa mbili usiku bahari haionekani, bwana.

Kuna anayedhurika na taa hiyo asiyeweza kulalamika. Kasa hutaga kwenye fuo zetu, na makinda yakitoka mchangani baada ya takriban miezi miwili hutoka zaidi usiku na kufuata upande wenye mwanga mwingi, ambao tangu zamani ulikuwa bahari. Mlango mpana wa kioo ulio wazi na taa zote zinawaka huyavuta kuelekea bustanini, kwenye kaa na mbwa, na asubuhi kwenye jua. Watu wa Diani Turtle Watch wanaolinda viota huwaomba wenye nyumba wa ufuoni wapunguze taa. Pazia zito lililofungwa linafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na hili peke yake limenifanya nisichoke kubishana na wenye nyumba za wageni.

6. Leso inapendeza, ila jua la mashariki halina huruma

Kila mtu mgeni hapa hutaka mapazia ya leso. Nawaelewa, ukitembea Biashara Street pale Mombasa ukarudi mikono mitupu, una moyo mgumu. Lakini leso moja ina kama mita 1.5 kwa 1.1, haifiki urefu wa mlango, na rangi zake nyingi hupauka haraka zikipigwa na jua la kioo. Ukiunga mbili, pindo linakatiza katikati na maandishi yanaishia kiunoni mwa mlango. Nafanya hivi: mwili wa pazia ni merikani nzito ya pamba, na leso nashona kama mkanda mpana wa chini au wa kati, juu ya bitana. Ikipauka, nabandua mkanda na kuweka mwingine. Na ujumbe uangaliwe. Nilishawahi kuletewa leso yenye kijembe kikali cha mke mwenza, itundikwe kwenye sebule ya maharusi.

Kikoi kinavumilia vizuri zaidi, na mistari yake hurefusha chumba. Polista haipauki upesi na hukauka mara moja, lakini kwenye joto la kioo hutoa harufu, na mimi siipendi mkononi.

Pamba yoyote iloweke na uianike kabla ya kuikata. Mteja mwenye haraka hukataa hatua hii. Mwezi mmoja baadaye pazia lake limepanda juu ya kifundo cha mguu.

7. Tumbili hajali pazia

Diani na Tiwi wako tumbili, kima na nyani. Mbega hawana shida, wao hula majani. Wale wengine wanajua kusukuma mlango usiofungwa komeo. Pazia lililovutwa hupunguza kidogo tamaa kwa kuficha ndizi zilizo mezani. Komeo ndilo linalozuia.

8. Kamba zisining'inie

Nyumba yenye mtoto mdogo, nakataa kufunga blaindi yenye kitanzi cha kamba. Marekani tangu 2018 blaindi zinazouzwa tayari madukani zimetakiwa zisiwe na kamba za kuning'inia, kwa sababu ya watoto walionyongwa nazo. Pazia la kuvuta kwa mkono halina hatari hiyo.

9. Kupima

Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa reli. Na reli ipite fremu ya mlango, angalau sentimita 35 upande ambao pazia litakusanyika, ili likifunguliwa likae mbele ya ukuta na lisile kioo. Mlango wa mita 2.4 basi unataka kama mita 5.5 za kitambaa, na hapo ndipo wateja hushusha pumzi. Pima urefu mahali patatu, kushoto, katikati na kulia, maana sakafu zetu nyingi zina mteremko ambao mwashi hatakubali kwamba upo. Acha sentimita 1 hadi 2 juu ya sakafu. Pazia linalofagia chini hunyonya maji ya deki na mchanga wa miguu, na upindo huoza kwanza.

10. Kufua

Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi kidogo, na pazia lililosuuzwa kwa maji hayo hukauka likiwa gumu, kisha usiku hushika unyevu tena. Masika matangi yakijaa maji ya mvua, hapo ndipo pa kuyafua mazito. Ndoana zitolewe zote kabla, uzito wa upindoni ukaguliwe kama umeshika kutu, na yaanikwe kivulini, upande wa bitana ukiwa nje.