Kombe, Hirizi na Maji ya Upako: Mafunzo Niliyopata Tanga

Mimi ni Msambaa wa Mlalo, ambako wamisionari wa Bethel walifungua kituo mwaka 1891, enzi ambazo Wakilindi, watawala wetu, walisifika kwa kuita mvua na kuizuia. Uuguzi ukanishusha Tanga mjini. Mchana nilikuwa zahanati, jioni kwenye kikundi cha maombi cha usharika, na majirani zangu wengi ni Waislamu. Mgonjwa niliyempa vidonge asubuhi niliweza kumkuta jioni akisubiri kuwekewa mikono, na katikati hapo keshapita kwa mwalimu wa madrasa, pengine na kwa mganga. Niliyoyaokota humo ni haya.

1. Musa alitaja matendo, hakutaja dini ya jirani

Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inakataza ramli, kutazama bao, kuloga, kupandisha pepo na kuuliza wafu. Isome tena: hamna mizizi wala majani humo. Nabii Isaya mwenyewe aliagiza tini zibandikwe kwenye jipu la mfalme Hezekia. Lakini kanisani nimesikia mzee anayechemsha mwarobaini na mpiga ramli wakitiwa kapu moja. Hata dola imewatenganisha: ipo Sheria ya Uchawi iliyoachwa na mkoloni, ya mwaka 1928, na ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inayowasajili waganga. Mkristo asiyeona tofauti ambayo karani wa serikali anaiona, asituambie kwamba ana imani kali. Ni mvivu tu.

2. Kabla ya kuhukumu kombe, kaa uone linavyoandikwa

Binti wa jirani yangu alikuwa anaweweseka usiku. Niliitwa kama jirani, nikakaa mkekani. Mwalimu alikuja na sahani nyeupe ya kauri, zafarani iliyolowekwa kwenye kikombe cha kahawa, na kijiti kilichochongwa ncha. Akaandika aya kwa kuzungusha, kutoka ukingoni kwenda katikati, taratibu, midomo ikicheza. Alipomaliza akamimina marashi ya waridi, maandishi yakayeyuka yakawa maji ya manjano, binti akanywa. Fedha alikataa, sukari akapokea. Akamgeukia mama mtu: "Kesho asubuhi hospitali. Mwenye kuponya ni Mungu, na dawa kaiumba yeye."

Nilipomuuliza habari za hirizi alikuwa mkali kuliko mchungaji wangu. Kufunga kitu mkononi ukakitegemea, kwake hiyo ni shirki, basi. Na wapo Waislamu wanaompinga yeye pia, wanaotaka kisomo kitupu bila sahani wala zafarani. Ubishi tunaodhani ni kati yetu na wao, wao wanao humo humo ndani ya nyumba yao.

Mimi kombe sinywi. Uponyaji ninaoukiri uko katika jina la Yesu, na siwezi kuitikia amina kwa nisichokiri. Ila yule mwalimu alikuwa anamwomba Mungu, hakuwa anamloga mtu. Kumwita mchawi ni kumshuhudia jirani uongo, na katazo hilo limo katika Amri Kumi pamoja na lile la kuua.

3. Sumu iko kwenye swali la "nani kanifanyia?"

Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Waazande, alieleza jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu analijua. Ghala likianguka, kila mtu anaelewa kwamba mchwa wamekula nguzo. Kinachotafutwa ni kwa nini limemwangukia fulani, saa ileile aliyokaa kivulini. Mpiga ramli anajibu kwa kutoa jina, na jina lina mwenyewe, tena mara nyingi mwenyewe ni mjane asiye na mtu wa kumtetea. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka yote. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Wakristo tulishangilia.

Sasa njoo kwenye mkesha wa Ijumaa. Mtumishi kafumba macho, kipaza sauti mkononi: "Namwona mama mmoja, mfupi, wa upande wa baba, anakaa karibu na mwembe." Tanga hii, nani hakai karibu na mwembe? Lakini tayari ukumbini kuna mtu kamkumbuka shangazi yake, na kuanzia kesho shangazi hasalimiwi, chakula chake hakiliwi, wajukuu wanakatazwa kwenda kwake. Hiyo ni ramli. Msalaba ukutani hauibadilishi. Kwenye kikundi chetu tuliweka sharti: omba juu ya ugonjwa, usimtaje wala usimwashirie mtu. Baadhi walihama, wakasema tumemzimisha Roho.

4. Degedege haisubiri theolojia

Pwani wengi wameamini kwamba degedege huletwa na shetani mwenye umbo la ndege, na kwamba mtoto akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo anafukizwa kwanza, hospitali baadaye. Mara nyingi ni malaria kali iliyopanda kichwani, na muda unahesabika kwa saa. Kumhubiria mama wakati huo ni kumpotezea muda alionao. Maneno yaliyonifaa ni haya: "Mama, dua tuisome ndani ya bajaji."

5. Sisi nasi tuna vyetu

Nyoka wa shaba wa Musa alitengenezwa kwa amri ya Mungu, na waliomtazama walipona. Miaka mingi baadaye Hezekia akamvunjavunja, kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Sijui kwa nini habari hiyo haihubiriwi kwenye makanisa yanayouza maji ya upako, chumvi, vitambaa, na stika za mlangoni zenye picha ya mtumishi. Nilishamwona mwanamke akifungua hirizi kiunoni kwa machozi, halafu palepale akafunga kitambaa cha upako. Kabadili duka tu.

Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa Samunge, Loliondo. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri (KKKT), aligawa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, akisema Mungu kamwonyesha ndotoni. Mawaziri walikwenda. Waislamu na Wakristo walipanga foleni moja, na sikusikia mtu akiuliza dini ya mti. Babu, kama wengi walivyomwita, alifariki mwaka 2021 na sina neno baya juu yake. Shilingi 500 si bei ya tapeli. Nauliza tu: angekuwa mzee wa Kidigo mwenye kanzu na barakashia, naye kaoteshwa vilevile, mti uleule, bei ileile, tungemwita nani? Na kama muuguzi sijasahau waliorudi kliniki wakiwa wamekonda, wameacha ARV kwa sababu walishakunywa kikombe.

6. Jina la Yesu si neno la siri

Wana wa Skewa, katika Matendo sura ya 19, walilitumia jina hilo kama watu wanavyonuizia dawa, na mwenye pepo akawapiga mpaka wakakimbia uchi. Kwa upande mwingine, katika Marko 9 yupo mtu asiyefuatana na wanafunzi, anatoa pepo kwa jina lilelile. Yohana akataka azuiwe, Yesu akakataa. Kwa hiyo maneno yanaweza kuwa yaleyale, kimoja kikawa sala na kingine uchawi. Tofauti ni kama unamwomba Bwana au unamwendesha.

Ndiyo maana jirani wa Kiislamu akiniomba nimwombee, siingii na jina hilo kwa kuvizia. Namuuliza kwanza kama anaridhia. Mmoja alinicheka: "Omba tu, shoga, Nabii Isa na sisi tunamjua. Ila usinimwagie mafuta, dera hili jipya."